Mwacha Mila wa Butiama

Leo nina swali moja ambalo hapa kwetu Mara lina nguvu kuliko waraka wowote wa serikali: watu watasemaje? Kwa swali hilo kijana wa Bunda anakopa ng'ombe wa mahari ambao hataweza kuwalipa. Kwa swali hilo baba anayeishi Nyasho, Musoma mjini, mtu mwenye kazi yake na akili zake timamu, anaipandisha familia yake basi mwezi wa kumi na mbili kwenda kijijini, kwenye shughuli ya tohara ambayo moyoni mwake haitaki. Na kwa swali hilo hilo wapo waliosema hapana. Hao ndio ninaotaka tuwazungumzie: wanaosema hapana, kinachowapa nguvu ya kusema hivyo, na kinachowapata wakishasema.

Nianze na mtu ambaye kila msikilizaji anamjua. Kambarage, huyo tunayemwita Mwalimu Nyerere, alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa Nyerere Burito, chifu wa Wazanaki. Mama yake, Mugaya Nyang'ombe, alikuwa mke wa tano kati ya wake 22 wa chifu. Mwaka 1934, akiwa na miaka 12, alipelekwa Shule ya Mwisenge, hapa Musoma, mwendo wa kilomita zipatazo 40 kutoka nyumbani. Tunayakumbuka hayo kila Oktoba inapofika. Jambo tusilolizungumza sana ni kwamba yule kijana, alipokuwa bado anasoma, baba yake alikwisha kumposea mke na mahari ikatolewa. Binti mwenyewe alikuwa bado mtoto mdogo. Kwa desturi ya wakati ule hakukuwa na ajabu yoyote. Baba alikuwa ametimiza wajibu wake, na kijana alitakiwa atimize wa kwake.

Hakuutimiza. Burito alifariki mwaka 1942. Mwaka uliofuata kijana alibatizwa na kuitwa Julius, katika dini inayomtaka mwanamume awe na mke mmoja, na akaenda Makerere. Akiwa huko alisoma maandishi ya Mwingereza John Stuart Mill juu ya kukandamizwa kwa wanawake, naye akaandika insha yake mwenyewe, akiyapima mawazo hayo kwa maisha ya wanawake wa kabila lake. Insha hiyo ilikuja kuchapishwa miaka mingi baadaye kwa jina la Uhuru wa Wanawake. Fikirini: kijana wa miaka ishirini na kitu, mtoto wa chifu mwenye wake 22, anaandika kwamba mama zake wanatumikishwa. Hakuhitaji takwimu. Alikulia katika boma ambamo jembe, mtungi na kuni vilikuwa juu ya vichwa na migongo ya wanawake. Mwaka 1953, baada ya kurudi kutoka Edinburgh, alimwoa mwalimu Maria Waningu, chaguo lake mwenyewe. Ile posa ya baba ilikuwa imevunjika.

Wazee wetu wana msemo wanaoutumia kama fimbo: mwacha mila ni mtumwa. Huyu mwacha mila wa Butiama ndiye aliyekuja kuiongoza nchi kutoka katika kutawaliwa. Mwaka 1963 serikali yake ilifuta machifu, wakati ambapo kiti cha Wazanaki kilikuwa kimekaliwa na kaka yake wa baba mmoja, Edward Wanzagi. Kumkatalia baba ambaye ameshafariki ni jambo moja. Kukifuta kiti cha ndugu yako aliye hai, na bado mkakutana Mwitongo, nyumbani kwenu Butiama, mkala pamoja, ni jambo zito zaidi.

Lakini tusimfanye Mwalimu mtu aliyetupa kila kitu. Meno yake ya mbele yalichongwa kwa desturi ya Kizanaki, na watu wa dunia nzima aliokutana nao waliyaona meno yale kila alipocheka. Alipong'atuka urais mwaka 1985 alirudi Butiama kulima. Bao alilicheza hadi uzeeni. Alipofariki London, tarehe 14 Oktoba 1999, alirudishwa kuzikwa Mwitongo, penye kaburi la baba yake. Mtu huyu alipanga: hili nalichukua, hili naliacha, hili nitawaombeni wazee wangu mlitazame upya. Kupanga namna hiyo ni kugumu kuliko kutii kila kitu, na ni kugumu pia kuliko kukimbia moja kwa moja na kujifanya hukuzaliwa kwa watu.

Sasa niulize jambo linalonisumbua kila ninaposoma habari hizi. Yule binti aliyeposwa, je? Wanaoandika maisha ya Mwalimu humtaja kwa sentensi chache kisha wakaendelea na safari ya Makerere. Kijana aliweza kukataa kwa sababu alikuwa mwanamume, alikuwa mtoto wa chifu, alikuwa na elimu, alikuwa na kanisa nyuma yake, na alikuwa na mama aliyempenda. Ukaidi wake ulikuwa na pa kuegemea. Binti hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Ng'ombe walikwenda kwa baba yake bila yeye kuulizwa, na posa ilipovunjika hakuwa yeye aliyeivunja. Kwa hiyo tunapowaambia wasichana wa leo kwamba wawe majasiri, wakatae, wapaze sauti, mimi huuliza: wameegemea wapi?

Swali hilo hurudi kila msimu wa tohara, nao katika mkoa wetu unajulikana. Ni Novemba na Desemba, hasa katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Shule zimefungwa na watoto wako nyumbani. Wavulana wanatahiriwa, na katika koo kadhaa za Wakurya, na kwa baadhi ya familia za Wazanaki na majirani zao, wasichana wanakeketwa. Nasema baadhi kwa makusudi, maana mkoa wetu si kabila moja. Wajita na Wakwaya wa ukanda wa ziwa hawana desturi hiyo kwa mabinti zao, na hakuna mtu aliyewahi kuthubutu kusema kwamba mabinti wa Majita hawaolewi. Utafiti wa afya na demografia wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba hapa Mara asilimia 32 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 10. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha Mara asilimia 28 na nchi nzima asilimia 8. Asilimia inashuka, lakini polepole.

Kwa nini polepole? Wengi hujibu haraka: ujinga. Silikubali jibu hilo. Nimesikiliza watu wa pande hizi vya kutosha kujua kwamba mama anayempeleka binti yake kwa ngariba anajua damu itamwagika, na mara nyingi anakumbuka alivyoumia yeye. Anampeleka kwa sababu amepiga hesabu. Msichana asiyekeketwa anaitwa msagane, na jina hilo litamfuata kisimani, sokoni, hadi kwa mama mkwe. Aliyekeketwa anarudi akiimbiwa, amevishwa kanga mpya, ametunzwa fedha na shangazi zake. Baba yake akimwozesha, ng'ombe wanaongezeka. Ngariba analipwa kwa kila kichwa, na wazee wa mila, wanaoutangaza msimu, wana fungu lao. Kila mmoja katika mzunguko huo ana sababu ya kuendelea, na mwenye sababu ya kuacha ni mtoto wa miaka 12 ambaye hapewi nafasi ya kusema.

Tena wapo watoto wanaosema wanataka. Hilo tuliseme wazi. Wenzake wote wa darasa la tano wamekwenda, wamerudi wanawake, na yeye amebaki anachekwa. Anamwendea bibi yake, anasema na mimi nipelekeni. Wazee nao wanasema, mtoto akililia wembe, mpe. Msemo huo uliwekwa ili mtu ajifunze kwa kujikata kidole. Haukuwekwa kwa ajili ya jeraha ambalo litamfuata mtoto siku atakapojifungua. Mtoto anayelilia wembe kwa sababu asipoupata atatengwa na wenzake hajachagua kitu; ameitikia tu kile ambacho kijiji kizima kimemwambia.

Hapa nawaombeni tukumbuke yale meno ya Mwalimu. Nani leo, Butiama au Busegwe, anamchonga mtoto wake meno? Na ndugu zetu Wajaluo, wa Rorya na wa ng'ambo ya mpaka, walikuwa wakiwang'oa vijana meno sita ya chini. Asiyeng'olewa alichekwa na kuitwa mtoto. Desturi hiyo imekwisha, na Mjaluo hajapungua ujaluo hata chembe: bado anamlilia maiti wake kwa namna yake, bado anaujua ukoo wake. Desturi zile zilikwisha pale ambapo watu wa kutosha waliacha, hata asiyechongwa au asiyeng'olewa akawa si kichekesho tena. Ndiyo maana nasema nguvu ya mila nyingi haimo ndani ya mila yenyewe. Imo katika kila mtu kuamini kwamba jirani yake bado anaamini. Ukiwaita akina baba watano mmoja mmoja, pembeni, huenda watatu wakakwambia wangefurahi jambo hili likiisha. Wakutanishe barazani, wote watano watasimama upande wa mila.

Nikitaja akina baba, nataka nikae hapo kidogo, kwa sababu ndio tunaowasahau kabisa. Kuna baba ambaye msimu ukikaribia anampeleka binti yake kwa shangazi yake Mwanza, na akiulizwa anasema amekwenda kusaidia dukani. Kuna baba anayetafuta shule ya bweni kwa fedha za kuuza ng'ombe ambaye angemlisha mwaka mzima. Hawasimami jukwaani, hawapigwi picha. Wakijulikana, watu wanaanza kupungua kwao: kikao kinafanyika bila taarifa kuwafikia, mifugo yao ikipotea hakuna wa kusaidia kuitafuta, na hofu kubwa kuliko zote kijijini, siku ya msiba ni nani atakuja kuchimba kaburi? Mtu wa mjini anaweza kulicheka jambo hilo. Mtu wa kijijini hawezi, maana kule maiti haisitiriwi na kampuni, inasitiriwa na majirani. Baba anayekubali kuishi na hofu hiyo kwa ajili ya binti yake ni mkaidi mkubwa, hata kama ukaidi wake ameuvika uongo wa safari ya Mwanza. Mimi simlaumu kwa uongo huo.

Ukaidi wa kimya wa namna hiyo uko pia hapa kwenye mialo yetu ya ziwa. Imezoeleka kwamba kuvua ni kwa mwanamume, na mwanamke hupokea samaki nchi kavu, akaanika, akakaanga, akauza. Wapo wanawake ambao hawakubishana na mtu. Walinunua mtumbwi, wakanunua nyavu, wakaajiri vijana, na alfajiri wanasimama mchangani kuhesabu mzigo wao wenyewe. Hawakukanyaga ndani ya mtumbwi, basi hakuna mzee aliyepata la kusema. Ukiniuliza kama wametii au wamekaidi, nitakwambia wamefanya yote mawili, na watoto wao wanasoma.

Hata mila yenyewe ina milango ya pembeni. Wakurya wana nyumba ntobhu, ambapo mwanamke asiye na mtoto wa kiume anatoa mahari na kumwoa mwanamke mwingine, na watoto watakaozaliwa wanahesabiwa wa boma lake. Desturi hiyo iliwekwa ili urithi usipotee. Lakini wapo wanawake vijana wanaoingia humo kwa sababu wamechoka kupigwa na waume, wakaona afadhali waishi chini ya mwanamke mwenzao. Si kila aliyeingia amepata raha, najua. Nalitaja ili tusidhani kwamba jamii ni ukuta usio na ufa.

Turudi kwa msichana. Siku hizi, tofauti na wakati wa yule binti aliyeposwa, kuna mahali pa kukimbilia. Rhobi Samwelly, mwanamke wa mkoa huu huu, alikeketwa akiwa na miaka 13 na nusura afe kwa kutokwa damu. Badala ya kuhamia mbali akasahau, alibaki. Shirika analoliongoza, Hope for Girls and Women in Tanzania, lina nyumba salama mbili, moja huku Butiama na nyingine Mugumu, Serengeti. Tarime kuna kituo cha Masanga. Mwaka 2018 ilitoka filamu ya Giselle Portenier kuhusu wasichana wa Serengeti wanaokimbia, na aliyeiona hataisahau: mtoto amekimbia kwao, anasema amekuja kwa sababu anataka kuendelea na shule.

Katika kazi hiyo ya nyumba salama kuna jambo moja linalostahili sifa zaidi ya lile la kumpokea mtoto. Ni lile linalofuata msimu ukishapita. Wazazi wanaitwa, dawati la jinsia na watoto la polisi linakuwepo, watu wanaketi wanazungumza. Mzazi anaulizwa: je, binti akirudi, atakuwa salama? Anayekubali anaweka sahihi, na mtoto anarudi nyumbani, na anafuatiliwa. Anayekataa, mtoto wake anabaki. Wengi hurudi. Hilo ndilo linalonigusa, kwa sababu mtoto wa miaka 12 aliyekimbia hakumkimbia mama yake. Amekimbia kitu kimoja ambacho mama anataka kumtendea. Bado anataka uji wa mama yake, bado anataka kuitwa kwa jina la bibi alilolirithi. Ukimwokoa kwenye kisu kisha ukamkatia ukoo wake wote, umempa jeraha jingine.

Jambo jingine dogo ambalo lina maana kubwa ni ramani. Vijiji vingi vya mkoa huu havikuwa kwenye ramani yoyote ya kuaminika. Polisi alipigiwa simu usiku kwamba kuna mtoto anatafutwa mahali fulani, asijue aanzie njia gani. Watu wa kujitolea, wengine wakiwa Ulaya na Marekani mbele ya kompyuta zao, walichora barabara na nyumba kwa kuangalia picha za setilaiti, kupitia mradi wa Crowd2Map, na watu wa hapa wenye simu janja wakajaza majina ya vijiji, shule na zahanati. Mtoto aliyekaidi amepata, pamoja na mambo mengine, njia yenye jina.

Sheria iko wapi katika haya? Ipo, lakini ina matundu. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 imemlinda msichana aliye chini ya miaka 18. Akishatimiza 18 sheria hiyo haimtaji, na ndiyo maana wapo wanawake wanaobanwa wakiwa wameshaolewa, na mama mkwe ndiye mbanaji. Wenzetu wa Kenya, kwa sheria yao ya mwaka 2011, walimkinga mwanamke wa umri wowote.

Na hapa lazima nimrudie Mwalimu, kwa heshima zote. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ya wakati wa uongozi wake, ilikuwa ya kimaendeleo kwa mengi: iliweka kwamba ndoa haifungwi bila ridhaa ya anayeoa na anayeolewa. Lakini sheria hiyo hiyo iliruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa idhini ya wazazi, na mvulana asubiri 18. Mwandishi wa Uhuru wa Wanawake alikuwa Ikulu. Serikali haikuwa tayari kugongana na wazee wa nchi nzima kwa jambo hilo, nadhani, na pengo likaachwa hivyo. Mwaka 2016 mwanasheria Rebeca Gyumi alikwenda Mahakama Kuu kulipinga, akashinda. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikasema vilevile: vifungu hivyo vinabagua, virekebishwe. Mtu aliyeweza kukataa posa ya baba yake hakuweza kuwakatia mabinti wa nchi nzima mzigo huo. Silisemi hili kumshusha. Nalisema kwa sababu tunapenda kudhani kwamba mkubwa mmoja mwenye msimamo anatosha, na historia ya nyumba hii ya Butiama inatuonyesha kwamba hakutosha.

Wakati wa kuzungumza unakwisha. Msimu ukifika, na unafika kwa kalenda ambayo kila mtu hapa anaijua, nina maombi matatu. Mwalimu wa darasa la tano na la sita, kabla hujafunga shule, wajue watoto wako wanakwenda kulala wapi likizo hiyo. Wewe uliyeko Bunda au Musoma mjini ambaye kaka yako kijijini amesita msimu huu, mpigie simu, umwambie uko upande wake, na akisemwa kikaoni wewe utasimama. Anahitaji kusikia hivyo kutoka kwa mtu wa ukoo, si kutoka kwa mgeni mwenye semina. Na mtoto unayesikiliza ukiwa jikoni, redio ikiwa mbali kidogo na wakubwa: namba ya huduma kwa mtoto ni 116, haikati salio. Ukishindwa simu, nenda kituo chochote cha polisi uulize dawati la jinsia na watoto. Ni 116. Nairudia: moja, moja, sita.